Hapo Tu

Saa moja asubuhi. Zamu ya usiku imeniachia mabega,
nashuka mteremko wa hospitali, kofia ngumu kwapani,
nyekundu, imekwaruzika ubavu wa kushoto
(habari ya mkwaruzo nitakupa tukifika).

Kijiweni Wandegeya naitwa kwa miluzi, "Nnyabo, twende!"
Sitazami sura. Natazama miguu:
mwenye kandambili nampita.
Natazama tairi: lenye upara nampita mwenyewe.
Na yule aliyegeuza kioo cha pembeni
ajikamulie chunusi, naye nampita.

Nakufikia wewe, Wandera,
koti umelivaa mbele nyuma kuzuia upepo,
kofia ya abiria umeitundika kwenye usukani
kama sufuria inayosubiri mchele.
"Wapi?"
Kalerwe.
"Aa, hapo tu."

Hapo tu!
Wodini kwangu kuna vitanda thelathini na viwili,
magodoro sita sakafuni,
na kila mfupa uliomo ulikuwa unakwenda hapo tu.
Kufuata sukari. Kumwahisha mtoto shule.
Kijana Odeke alikuwa anavuka barabara akajaze mafuta;
leo mguu wake unaning'inia kwa kamba na jiwe.
Sijapokea hata mmoja aliyekuwa anakwenda mbali.
Wa mbali hufunga kamba za kidevuni.

Basi twende, ila kwa masharti yangu.
Naketi kiume, sketi nimeishonea mpasuo,
anayecheka acheke.
Gomesi ya Mama Nalubowa ilinaswa na mnyororo
tukaikata kwa mkasi kipande kwa kipande,
naye analia si goti, analilia kitambaa.

Taa nyekundu, simama.
Wenzako wanapita, naona. Waache.
Tutawakuta mbele: wengine Kalerwe,
wengine kwangu.

Lori la matoke hilo, usilikumbatie ubavuni.
Usipoyaona macho ya dereva kwenye kioo chake,
wewe kwake ni inzi.
Na taa inayokonyeza usiiamini, taa ni mdomo.
Tazama tairi la mbele,
hilo hugeuka kabla mwenyewe hajakiri.

Usiku kulinyesha. Dimbwi lile mbele ya muuza chapati
linang'aa kama sahani, na chini yake kuna shimo la kumeza mbuzi.
Nyuma kwanza, utazame, ndipo ulikwepe.
Breki zote mbili, polepole,
kama unamfunika aliyelala.
Simu mfukoni mwako iache ilie. Anayekupenda atarudia.

Hapo ukageuza shingo kidogo, ukasema:
"Nnyabo, pikipiki si yangu.
Jioni mwenyewe anataka elfu kumi na mbili,
mvua inyeshe, isinyeshe.
Polepole yako nimpelekee kwenye bahasha?"

Sikuwa na jibu.
Nilinyamaza mpaka karibu na soko,
nikihesabu bei ya skurubu moja ya paja
na siku ambazo mtu hulala akidaiwa elfu kumi na mbili.
Hesabu haikukaa. Mimi ni muuguzi tu,
najua bei ya kuanguka,
bei ya kutoanguka sijui nani anailipa.

Tumefika. Shika hela yako, na hii ya kusimama kwenye taa.
Mkwaruzo? Ndiyo.
Mwaka juzi, hapa hapa kwenye marundo ya kabeji,
mlango wa gari ulifunguka bila hodi.
Lami iliomba kichwa, ikapewa rangi.
Nilikuwa natoka kununua chumvi.

Hukusema kitu. Ukawasha.
Mwanamke mwenye kuku wawili alikupungia mkono ng'ambo,
sikusikia alikokwenda, ila nilimwona ananyoosha kidole, karibu.
Nikaona mkono wako unaitungua ile kofia,
unaifuta vumbi kwa kiwiko cha koti,
halafu basi dogo likapita kati yetu, likasimama, likashusha watu.
Lilipoondoka
palikuwa na manyoya tu barabarani, meupe, ya kuku,
yanakwenda na upepo.